Njiwa Wanne wa Fukusuzu

Watu wanapanda treni kutoka mbali kuja Kyoto kuangalia sura za maiko, hawa wasichana wanaojifunza ugeisha, kazi ya kuwachezea ngoma na kuwamiminia vinywaji wateja wa karamu, na wanarudi kwao wakisema wameona uzuri. Wameona poda. Mimi ni msusi wao, miaka arobaini na moja nimesimama nyuma ya vichwa vyao, na nyuma ndiko kwenye habari. Nywele za maiko ni zake mwenyewe, zinavutwa mahali pale pale kila wiki, na kila mmoja wao ana kipara kidogo utosini, kiasi cha kufunikwa na kidole gumba. Mbele wamejaa haya ya kufundishwa. Nyuma ni mtoto wa watu anakoroma kwenye kiti changu.

Ndiyo, wanakoroma. Nikishamaliza kichwa hakifumuliwi siku saba, kwa hiyo usiku msichana analaza shingo kwenye kijimto cha mbao, kichwa kinaning'inia hewani, na ole wake ageuke. Siku ya kuja kwangu ndiyo siku pekee kichwa chake kina uhuru. Nikimwaga tu maji ya moto, mtoto keshakwenda zake usingizini, na kwenye nyumba anayotunzwa wanapiga simu kuuliza mbona nachelewa.

Fukusuzu alikuwa hodari wao kwa kulala. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa pili, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Minori, kutoka mji mmoja wa pwani ya Tottori ambako watu wote wananuka kaa wa baharini na hawaoni aibu. Alikuwa na mwili mzuri wa ngoma na masikio makubwa kidogo, na mwalimu wake wa ngoma, mwanamke ambaye tangu nimjue hajamsifu mtu aliye hai, aliwahi kunyamaza baada ya kumtazama. Kwetu hiyo ni sifa.

Sasa, mwaka mpya ukiingia, maiko wote wanachomekwa masuke ya mpunga kichwani mpaka tarehe kumi na tano. Kwenye masuke yale anakaa njiwa mweupe, mdogo, si mkubwa kuliko punje ya karanga, na njiwa yule hana macho. Jicho moja maiko analichora mwenyewe. La pili anachorewa na mtu anayempenda. Ndivyo tulivyoikuta, inaleta heri, na asiniulize mtu kwa nini.

Kitu kitamu hivyo hakiwezi kumpita Mama Tazu. Mama Tazu ndiye mwenye nyumba aliyokuwa akiishi Fukusuzu. Hajazaa hata mara moja, lakini mtaa mzima tunamwita Mama. Wateja nao wote wanaitwa Kaka hata wakija na mkongojo, na mimi na miaka yangu sitini na tatu bado ni Dada. Ukoo wetu ni mkubwa kweli kweli, ila hauna ndugu.

Basi Mama Tazu mwezi wa kumi na mbili akawaendea wateja wake watatu wakubwa, kila mmoja kwa wakati wake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto anamsumbua, hali, hanywi, anataka jicho la njiwa alichore Kaka huyu na si mwingine. Kila mmoja alijibu kwamba ana shughuli nyingi, na kila mmoja alifika kabla ya saa aliyoahidi. Mama Tazu alikuwa amekwisha kuagiza njiwa watatu.

Wa kwanza alikuwa Kaka Morikuni, mwenye maduka ya achari, mzee wa miaka sabini na nne. Alishika brashi kama anakoroga pipa la figili, akabandika tone la wino kubwa mpaka njiwa akaonekana kapigwa ngumi. Alifurahi mno. Wa pili alikuwa Kaka Ashihara, daktari wa meno, aliyekuja na taa yake ya kuvaa kwenye paji la uso, akamwinamia ndege yule robo saa nzima na kumwambia atulie, haitauma. Wa tatu alikuwa Kaka Sasabe, profesa wa maandishi ya brashi na mila za kale, ambaye hawezi kushika hata kijiti cha meno bila kukwambia kilianza karne gani. Yeye alifumba macho, akavuta pumzi, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa, kisha akachora kitone kidogo kama kinyesi cha nzi. Baadaye alikieleza kitone kile kwa saa moja na nusu.

Kazi ya kuwatenganisha ndege hao ilikuwa yangu, maana nani mwingine? Niliwafunga nyuzi: kijani wa achari, nyeupe wa meno, nyeusi wa profesa. Mtoto akiitwa kwa Kaka Morikuni, anapita kwangu, natoa mweusi natia kijani. Akitoka hapo anaitwa kwa daktari, anarudi mbio na viatu vyake virefu vya mbao, natoa kijani natia mweupe. Nilianza kuota njiwa.

Wa nne hakuwa wa mtu. Fundi wa mapambo alimtoa nyongeza kwa sababu Mama Tazu alinunua watatu kwa mpigo. Siku moja Fukusuzu alinipa ndege yule kamfunga kwenye karatasi laini, jicho lake moja tayari kalichora mwenyewe, la pili hakuna kitu. Akaniomba nimfiche kwenye droo chini ya vitana vyangu, asimwone hata Mama Tazu. Nikamuuliza kama kuna kijana. Akacheka, akasema wanapata wapi muda wa vijana, akanitolea kadi ya posta iliyochakaa kwa kukunjwakunjwa.

Ilitoka kwa mama yake mzazi, Hatsue, anayefanya kazi kiwanda cha kuchemsha kaa. Baba ndiye aliyetia saini ya ruhusa mtoto alipoondoka na miaka kumi na mitano. Mama alimwambia mlangoni kwamba kama anakwenda kuwachekea wazee wa watu, asimwandikie, na kwa muda wa miaka miwili hakujibu barua hata moja. Sasa kadi ilisema kwamba wafanyakazi wa kiwanda wana safari ya kutembelea Kyoto tarehe kumi Januari, watakuwa na saa nne za kuzunguka, na kama akipata nafasi huenda akapita. Hakusema salamu. Alisaini jina lake kamili, kama anapokea mzigo.

"Nataka yeye ndiye achore," Fukusuzu aliniambia. "Akichora, nitajua hajanitupa. Asipochora, Dada, narudi naye kwenye basi hilo hilo. Mwaka mwingine wa hivi siuwezi peke yangu."

Nilimwambia asiseme upuuzi, akae sawa, nta inapoa. Nimeona wengi wakiondoka, wengine nikasema afadhali. Huyu akiondoka tungekuwa tumetupa kitu cha thamani, na wa kulaumiwa ni sisi wenyewe.

Nilimuuliza kwa nini mama asiende nyumbani kwa Mama Tazu kama mtu. Nilijua jibu. Mama Tazu hataki wazazi msimu wa mwaka mpya, anasema wanawaharibu watoto, wakishawaona wanaanza kulia na poda inachirizika. Kwa hiyo wangekutana dukani kwangu asubuhi ya tarehe kumi, na mimi ningejifanya hamnazo.

Halafu likaja balaa. Tarehe nane Mama Tazu alifika dukani kwangu mwenyewe, mtu ambaye hutuma watu hata kuomba kiberiti. Chama cha mtaa kilikuwa na karamu yake ya mchana ya mwaka mpya tarehe kumi hiyo hiyo, na mwaka ule wateja wakubwa walikuwa wamealikwa wote chumba kimoja. Morikuni, Ashihara na Sasabe, mkeka mmoja. Fukusuzu ndiye wa kuwamiminia sake, ile pombe yetu ya mchele. Kichwa kimoja, njiwa mmoja. Na maiko hawezi kutokea bila masuke mwezi wa Januari, ni sawa na kutokea bila nguo.

Nilimngoja aseme avae yupi. Akanisifia pazia. Akasema baridi ya mwaka huu ni ya kipekee. Alipofika mlangoni akageuka na kucheka kijino pembe.

"Mambo ya nywele mimi siyajui, Dada Kinue," akasema. "Utakalochagua wewe ndilo."

Wacha wee! Siku zote anajua hata pini ngapi natumia, leo hajui kitu. Maana yake, karamu ikiharibika, aliyeharibu ni msusi. Nusu ya vichwa ninavyotengeneza vinatoka kwenye nyumba zinazomsikiliza yeye. Siku mbili nilikula bila kusikia ladha.

Tarehe kumi Fukusuzu alikuja alfajiri, roho juu, akaapa hatalala. Nilipomwagia maji ya pili alikuwa anakoroma. Nikamkausha, nikaanza kupaka mafuta na nta, na kabla sijafika nusu ya kichwa mlango ukasogezwa. Akaingia mwanamke mfupi na koti la kiwanda, kabeba boksi la kaa kwa mikono miwili. Hakuuliza kama ndipo penyewe. Alimwona mtoto kwenye kiti, akaliweka boksi chini polepole, akanionyesha kwa mkono nisimwamshe.

Akasogea nyuma, pale ninaposimama mimi. Akatazama kile kipara.

"Hiki ni nini?"

"Wote wanacho," nikasema. "Ni kwa kuvuta."

"Analala saa ngapi?"

"Saa saba usiku, akiwahi. Saa mbili asubuhi yuko darasani."

Akauliza analalia nini. Nikamwonyesha kijimto cha mbao ninachoweka pale kwa kupimia. Alikishika, akakibonyeza kwa kidole kama anatafuta mahali kilipo laini, akakirudisha. Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo mila yetu, ina mamia ya miaka, maneno yale yale ninayowaambia watu wa televisheni. Niliona haya. Miaka arobaini na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto analala saa ngapi.

Fukusuzu akafumbua macho, akamwona kwenye kioo. Wale wanafundishwa namna saba za kuinama. Hakuinama hata moja. Alisema tu, "Mama," na nikakumbuka kwamba neno hilo tunalitumia mtaani kwetu kutwa mara mia.

Hawakukumbatiana, watu wa kule hawana hayo. Mama akasema amekonda. Mtoto akasema hajakonda. Mama akasema kaa wale waliwe leo. Kisha Fukusuzu akaniomba droo, akamtoa njiwa wa nne kwenye karatasi yake, akaeleza jicho la pili linachorwa na nani. Alieleza vizuri, bila kutetemeka, ila mikono alikuwa kaificha chini ya taulo.

"Mimi sijui kuchora," Hatsue akasema.

"Chora tu, Mama. Au sema nirudi nawe."

Nilijifanya natafuta kitana na kitana nilikuwa nacho mkononi. Mwanamke yule alimtazama mwanawe, akatazama kijimto, akanitazama na mimi. Akasema kazi hii bado hajaipenda, na mtu asidhani kwamba akichora ameipenda. Nikampa brashi yangu nyembamba ya wanja. Hakuichukua. Alitoa kwenye mfuko wa koti makapeni nyeusi, ile ya kuandikia maboksi ya kaa, akaing'oa kifuniko kwa meno, akamshika njiwa kwa vidole vilivyojaa makovu ya maji moto, akavuta kimstari kimoja kifupi kilichopinda chini. Ikawa imekwisha.

Tulimwinamia ndege, mimi na mtoto.

"Mama," mtoto akasema, "umemfumba."

"Ndiyo, nimemfumba. Alale. Unataka akodoe macho yote ya nini?"

Fukusuzu alicheka mpaka akalia, na mimi nikamfokea kwa sababu nta ilikuwa bado mbichi. Hatsue alikaa na miguu pamoja kwenye benchi langu mpaka nikamaliza kichwa, hakusema neno la kusifu. Wakati wa kuondoka, mtoto akiwa kaenda chumba cha nyuma kujitazama, aliniinamia chini kabisa, akaniambia kama naweza, nimwache mtoto alale dakika kumi zaidi kwenye kiti. Nikasema haiwezekani, kwa Mama Tazu wanahesabu dakika. Akasema anaelewa. Akakimbilia basi lake.

Mtoto akarudi akakaa. Mimi mkononi nina njiwa watatu wenye nyuzi, najiuliza yupi. Akaniambia bila kugeuka kwamba leo atavaa wa mama yake au hatavaa kitu. Nilimweleza kwamba atanimaliza. Akasema anajua, na anaomba msamaha. Makapeni haifutiki, wazimu ule haukuwa na dawa. Nikamchomeka njiwa anayelala.

Karamuni wasusi na wauza mboga tunakaa karibu na mlango, kwenye upepo. Niliona yote. Fukusuzu aliinama kummiminia Kaka Morikuni, masuke yakacheza, na mzee akasita na kikombe hewani. Mama Tazu akamwona ndege. Chini ya poda alipauka, akanitafuta kwa macho chumba kizima. Mimi nilikuwa nachunguza figili kwenye sahani yangu.

"Hebu tazameni," Kaka Morikuni akasema. "Ananikonyeza."

Akacheka, akajipiga kofi gotini, akawatangazia majirani kwamba jicho lile kalichora yeye, na kwamba alikusudia tangu mwanzo liwe la kukonyeza, ila hakutaka kusema. Yeye, aliyebandika tone kama ngumi. Daktari wa meno akakohoa. Akasema kwa heshima zote, Kaka, mkono ule ni wake, watu wa kazi yake wanafahamika kwa mistari myembamba, na anakumbuka kabisa jinsi alivyoipinda. Hapo Profesa Sasabe akavaa miwani, akaomba binti asogee, akamtazama ndege muda mrefu mpaka chumba kikatulia. Akasema anasikitika kuwasahihisha rafiki zake. Mstari ule ulivutwa kwa pumzi moja, na mkono uliokomaa, na haiwezekani mtu mwingine Kyoto nzima kuuvuta isipokuwa yeye.

Mtu mzima na akili zake. Nilitaka kusimama niseme ni makapeni ya kaa.

Wakaanza kubishana, kwanza kwa adabu, halafu adabu ikapungua. Kaka Morikuni akagusia mchango wake kwa chama. Mama Tazu alikuwa anacheka peke yake, ha ha, kwa mdomo tu. Mwisho daktari akasema la nini yote haya, mwenye kichwa yupo, na aulizwe.

Chumba kizima kikamgeukia Fukusuzu. Nikaona maduka ya achari yakihama, nikaona duka langu bila vichwa, nikamwona mtoto kwenye basi. Aliweka chupa ya sake chini. Akainama, safari hii namna ile waliyomfundisha, ya chini kabisa.

"Aliyenichorea ni mtu mwenye kazi nyingi sana," akasema. "Aliacha shughuli zake akaja kwa ajili yangu. Mwenyewe anajijua, na kumtaja mbele za watu nitamtia aibu."

Hakudanganya hata neno moja. Na wale wazee watatu, kwa pamoja, wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu, kila mmoja akiwahurumia wenzake. Kaka Morikuni aliwamiminia wote wawili. Hawajawahi kupatana vile tangu hapo wala kabla.

Jioni Mama Tazu aliniletea boksi la keki za maharage, bila barua. Nilizimaliza zote.

Mngefikiri yaliishia hapo, lakini mnausahau mtaa wetu. Mwaka uliofuata fundi wa mapambo hakulala, kila nyumba inataka njiwa wake afumbwe jicho, wateja wanauliza mbona wa kwetu hakonyezi. Profesa Sasabe alitoa mhadhara wa saa mbili juu ya jicho la kufumba, mila iliyopotea na ambayo yeye kaifufua, akatuonyesha na karatasi ya zamani yenye ndege fulani. Mimi niliona bata. Watu waliandika kwenye madaftari. Mama Tazu alikaa mstari wa mbele akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa nayo.

Fukusuzu yuko bado. Mwalimu wa ngoma amemnyamazia mara tatu sasa. Kila Januari boksi la kaa linafika kwa posta, halina barua ndani, ila juu yake, pembeni ya jina la mtoto, pamevutwa kimstari kifupi kilichopinda chini.

Wiki hii alikuja kwangu kama kawaida, nikamwaga maji, akaenda zake usingizini. Nikamkausha, nikasimama na chanuo mkononi. Simu ikalia, Mama Tazu anauliza mbona leo tena tunachelewa. Nikamjibu nta haijayeyuka. Ilikuwa imeyeyuka zamani. Nikavuta kiti changu taratibu, nikakaa, nikatazama saa ya ukutani mpaka dakika kumi zikaisha, halafu nikampa tano nyingine.